Mahali pa Gari Kupumulia

Ndugu zangu, mimi niliwahi kuamini kwamba gari linapumua kwa rangi yake. Msicheke kwanza. Dereva mmoja wa lori la mahindi, mtu mzima kabisa, alinivuta pembeni akaniambia kuwa huko Dar es Salaam kuna watu walilipaka gari dawa mpya ya chupa, ile ya kuziba rangi isipitishe maji, wakalipaka lote bila kubakiza, wakalifungia ndani. Asubuhi wakalikuta limekufa. Vioo vimejaa jasho kwa ndani! "Lilikuwa linatafuta hewa," akasema. Nami nikaamini mia kwa mia, na cheti changu cha masomo ya jioni kikiwa mfukoni.

Mnanijua. Mimi ndiye muosha magari wa pale kijitoni, njia ya kuja Mshangano. Ni miaka hii hii ya ruksa, bidhaa zimeanza kumiminika madukani, na magari ya Japani yaliyotumika yanaingia Songea moja moja, kila moja likishangiliwa kama timu. Nilikuwa na ndoo mbili, vitambaa vya flana na kopo la nta ya kung'arishia. Kwa kopo lile, nawaambieni, gari la kubebea mkaa lilionekana limeshuka melini jana.

Sasa, mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, yumo humu ndani, simtaji, mwenyewe anajijua, alikuwa na gari dogo la bluu iliyokolea. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Alhamisi akaja na chupa ameizungushia gazeti kama mtoto mchanga.

"Nimeiagiza Dar," akasema. "Nta yako jua likiwaka inaondoka. Hii inakaa miezi. Nipakie gari lote."

"Lote, mama?"

"Kwani unataka kubakiza nini?"

Nikasema sawa. Moyoni nikaona naambiwa nimnyweshe mgonjwa sumu. Gari life njiani na bibi harusi ndani? Nikaificha chupa, nikaamua kutumia nta. Kufungua kopo, limekwisha. Linang'aa ndani kuliko nje, na madukani hakuna jingine. Ndipo elimu yangu ikafanya kazi: nta si nta? Nikaenda sokoni kwa muuza asali, nikanunua bonge la nta mbichi, nyeusi, inanukia masega. Nikaiyeyusha, nikaichanganya na mafuta ya taa, nikapaka boneti, paa na milango yote.

Lo! Gari liling'aa hadi jogoo wa jirani akapigana na mlango mpaka akatoka damu, akidhani amepata mshindani. Mama akalizunguka mara mbili. "Umeiona dawa ya Dar?" akaniuliza. Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoanguka, wapendwa. Nyuki walikuja baadaye tu.

Ndiyo, nyuki. Jumamosi misa ilikuwa ndefu, na gari lilisubiri nje ya kanisa juani, limepambwa maua. Nta ikalainika. Akaja nyuki mmoja, akanusa, akaondoka. Sijui aliwaambia nini wenzake! Maharusi walipotoka, boneti haikuonekana. Ilikuwa inatembea. Nyuki wa Ruvuma nzima, nadhani na wa ng'ambo ya mto, walikuwa wamelala juu ya gari lile wakitetemeka pamoja, wanang'aa kama shaba. Niliogopa, lakini pia nilistaajabu: wale viumbe walikuwa wametambua kilicho chao.

Kwaya ikakata wimbo katikati ya ubeti. Msimamizi wa bwana harusi alikimbia na kiatu kimoja. Bibi harusi akatembea kwa miguu hadi ukumbini, ameshika gauni, vumbi jekundu hadi magotini.

"Umepaka nini gari langu?" mama akaniuliza mbele ya watu.

"Dawa, mama."

Akanusa kitambaa changu cha kufutia gari. "Hii ni asali. Usiliguse tena."

Kufika Jumatatu mji mzima unaniita Mzinga. "Mzinga, tupimie lita moja!" Hakuna aliyenipa hata baiskeli nioshe. Nikaacha kijito, nikaenda Matogoro kulima shamba la mjomba, na niliona sina cha kurudia. Lakini ile chupa ilikuwa nami, ndani ya gazeti lake. Kila nikilala naiona. Miezi mitatu ikapita, nikashindwa, nikaibeba hadi dukani kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mzinga."

Nikaiweka mezani. Akaitikisa. "Mbona imejaa?"

"Sikuitumia. Niliiogopa, nikakudanganya."

Akamfungashia mteja kitenge chake, kisha akanigeukia. "Yaani mwanangu alitembea kwa miguu siku ya harusi yake kwa sababu wewe ulishindwa kusema naogopa?"

"Ndiyo, mama."

"Gari bado linanata. Utalisafisha mwenyewe. Na nitakutafutia mtu wa kukusimamia."

Mtu huyo alikuwa mzee wa Tunduru, fundi wa kupaka magari rangi. Siku mbili tulisugua. Kisha akabandika utepe wa karatasi katikati ya boneti. Upande huu nta ya kopo, ule dawa ya chupa. Sehemu nyingine za gari akaziacha bila kupaka kitu.

"Usinisikilize mimi, wala mtu mwingine," akasema. "Inshallah mvua itakuonyesha."

Mvua ikashuka kutoka Matogoro. Pande zote mbili maji yakasimama shanga shanga. Baada ya wiki chache, upande wa nta yakaanza kulala na kutandaa. Upande wa chupa yalisimama vile vile. Nikainama. Ndani ya kila tone, ndugu zangu, niliona milima ya Matogoro imegeuka juu chini, na misitu yake. Maelfu ya matone, kila moja na milima yake! Nikavua kofia, palepale mvuani.

Mama alinirudishia gari lake niwe naliosha, na wengine wakamfuata. Siku hizi namuuliza mteja gari linakwenda wapi. Likiwa jeusi na la sherehe, nta ya kopo, maana mng'ao wake ni wa ndani, wa joto. Pikapu ya kwenda Madaba na tope lake, dawa ya chupa. Na ninamwambia ninachopaka.

Asante mama, uliyepokea chupa iliyojaa. Asante mzee wangu wa Tunduru. Nanyi wenzangu, ukiogopa kazi ya mtu, mwambie mwenyewe kabla hujaigusa.

Limebaki moja. Gari lile halikufa, nikajua ni kwa sababu tuliacha sehemu nyingine wazi. Hivyo mwaka mzima, kila gari nililolipaka dawa ya chupa nililiachia pale paani pembeni mahali padogo, kama kiganja, lipumue. Mwezi uliopita mzee akaona mvua imelala hapo.

"Hapa umesahau."

"Sijasahau, mzee. Hapo linapumulia, lisije likafa na jasho kwenye vioo kama lile la Dar."

Hakucheka. Akaweka kikombe chake chini.

"Mwanangu, bati halipumui. Jasho la vioo ni unyevu wa baridi tu. Lete kitambaa, umalizie."