Msimfukuze Ndinda na Maswali Yake

Sogeeni, wanangu, Gerishon na wewe Waithira binti yangu, na Ndinda mke wa Gerishon usikae huko mlangoni kama mgeni. Leo nasema Kiswahili ili wewe wa Ukambani usikose hata neno, maana wosia huu unakuhusu.

Masikio yangu hayajafa. Nimewasikia mkinong'ona kwamba nikishazikwa Ndinda arudishwe kwao, eti ni mwanamke gani huyu anayeuliza kwa nini kuku wanatagia vichakani na kwa nini maharagwe ya Waithira hayaivi. Waithira, mama, yale maharagwe kweli hayakuiva.

Kumbukeni Gerishon aliponijengea nyumba hii ya mabati kwa mshahara wake wa Thika. Nilitoka kwenye nyumba ya nyasi nikijivuna, na kwa kuwa wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nikaziba kila ufa kwa matambara, nikafunga dirisha, nikaweka jiko la makaa karibu na kitanda, maana baridi ya Julai hapa Ruiru mnaijua. Asubuhi kichwa kinapasuka, wajukuu, watoto wako Waithira, wanatapika. Tukasema ni jicho la husuda la Zacharia, jirani yetu, kwa sababu alisimama uani akaitazama sana nyumba ilipokuwa ikiezekwa. Tukamnyima moto na salamu, hata mkewe alipofariki hatukwenda kumzika.

Ndipo Ndinda akaolewa hapa, naye akaniuliza, "Mama, kwa nini kichwa kinakuuma nyumbani, na ukifika shambani kinaacha? Na kwa nini kule kwenye nyumba ya nyasi hakikukuuma, na Zacharia alikuwa jirani yule yule?" Mlimcheka, na wewe Gerishon ukamwambia anyamaze. Mimi nilimwambia afanye aonavyo. Akatoa jiko nje, akafungua dirisha, na tangu hapo hatujaumwa tena. Kumbe mchawi tulikuwa tukimwasha wenyewe kila jioni.

Basi shikeni haya. Shamba langu la ndizi kule mtoni na mafiga yangu ni ya Ndinda, na atakayemwondoa hapa ameniondoa mimi. Yule mbuzi wa madoa mpelekeeni Zacharia, mmwombe msamaha kwa vinywa vyenu, na awe wa kwanza kutia udongo kaburini mwangu. Wajukuu wakiuliza kwa nini, msiwafokee. Kuuliza si ujinga, na msipojua semeni hamjui, mtafute pamoja nao. Nawapenda, wanangu, hata mnaponikasirisha.

Leteni mikono niwatemee mate ya baraka. Ngai, Mungu wetu, awape mvua na watoto, awape... subirini, pumzi... awape amani humu ndani.

Dirisha liacheni wazi. Miguu imekwisha kupoa, na... mbona siogopi? Ndinda, mwanangu... mbona siogopi?