Dada Bawaba na Nyonga ya Mama

Dada yetu mkubwa, daktari wa mifupa tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika nyumba za wafanyakazi wa posta, wa kwanza kati ya watoto watatu. Sisi wadogo zake tulimwita Bawaba, kwa kuwa hakuna mlango uliolia asiupake mafuta, hata wa jirani ambaye hakumwomba. Alipokuwa daktari jina hilo lilimkera. "Nyonga si bawaba," alitwambia, "ni mpira ndani ya kikombe." Hatukuacha.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na soko, akahitimu udaktari mwaka 1992 na ubingwa wa upasuaji mwaka 1999. Mwaka huohuo aliolewa na mwalimu wa hesabu, ambaye husema mkewe alimtazama anavyotembea kabla ya kumtazama usoni. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Kazi yake ilikuwa nyonga bandia, na alibishana sana na wahandisi wanaozibuni. Mpira mdogo huwa rahisi kutenguka mtu akiinama au kukaa chini. Mpira mkubwa hautoki ovyo, lakini bitana ya kikombe huwa nyembamba, nayo huwahi kulika. Mwaka 2009 ilikuwa zamu ya Mama. Hospitali haikupenda daktari ampasue mzazi wake. Mama naye hakutaka mwingine. Alitaka kukaa sakafuni na wajukuu, basi. Dada akamwekea mpira mkubwa. "Italika mapema, Mama. Siku hiyo nitaibadilisha mwenyewe."

Mwaka jana nyonga hiyo ilianza kugongagonga. Tarehe ya upasuaji ilishapangwa Dada alipogundulika ana saratani ya kongosho, Februari mwaka huu. Mama akagoma: atamsubiri mwanawe apone. Alionywa kwamba akichelewa huenda asitembee tena. Wapi! Kila siku alichechemea na mkongojo hadi wodini alikolazwa Dada, na sisi tukimwangalia tu, maana nani angethubutu kumwambia?

Dada mwenyewe ndiye aliyemwambia. "Mama, mwanafunzi wangu ana mkono mzuri. Nenda kwake. Mimi siponi."

Mama akamfunika miguu. "Haya, nitakwenda. Lakini nilikuwa nakungoja wewe."

Dada alifariki kesho yake asubuhi, tarehe 9 Agosti 2024. Inauma mzazi kumzika mwanawe, na sina namna ya kulisema jambo hili likapungua.

Ameacha mume, watoto wawili, wadogo zake wawili, na Mama, ambaye atalazwa Jumatatu.

Pumzika, Dada. Mama tutampeleka sisi.