Lukresia Salu, Aliyeuona Weupe Jichoni mwa Monika

Marehemu Lukresia Salu alizaliwa Zagayu, Itilima, tarehe 3 Aprili 1951. Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa shule akachunge ng'ombe. Mwaka 1970 aliolewa Nyalikungu, Maswa, na Masele Mayige. Mungu hakuwajalia mtoto. Mumewe alipofariki mwaka 1998, alirudi Zagayu kwa kaka yake, baba mkwe wangu, akajengewa nyumba yake pembeni.

Alilima pamba na mtama. Kuni zilikuwa shida, akapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi ule ukayafanya macho yake kuwa mekundu. Kwa macho hayo watu wakasema ni mchawi. Nami Felisita, mke wa Thomasi, ninayesoma wasifu huu hapa, nilisema hivyo. Watoto walikatazwa kwenda kwake, na sisi wakubwa tulipita tumeinamisha vichwa tusikutane na macho yake. Alikula peke yake. Kila asubuhi alimwamkia ng'ombe wake, "Mwangaluka!" Nilipomcheka akasema, "Huyu angalau ananigeukia."

Machi 2023 alisimama mlangoni kwangu. Binti yangu Monika hakuwa ametimiza miaka miwili.

"Felisita, mboni yake ya kushoto ina weupe kwa ndani. Mpeleke wakamwangalie."

Nilimfunika mtoto kitenge usoni. "Shangazi, usimtazame mwanangu!"

Aliondoka. Jamani, nilijiona nimemwokoa mtoto!

Septemba alikuja nyumbani Judica, mtaalamu wa macho kutoka Bariadi. Alimmulika Monika jichoni kwa tochi.

"Kuna bibi amenifuata zahanati mara tatu, akiniomba nije nimwone mtoto huyu," alisema. "Kila nikija kliniki, yupo. Mama, hii ni saratani ya jicho. Ni nadra, huwapata watoto wadogo, na inaua."

Hospitalini Mwanza walilitoa jicho la kushoto. La kulia ni zima, na kila baada ya miezi michache tunampeleka likapimwe. Daktari alisema tungewahi, pengine yangebaki yote mawili. Kosa hilo ni langu, si la marehemu.

Baada ya hapo nilimpelekea chakula kila siku. Nilikiweka mlangoni nikageuka. Aibu ilinishika. Sikuwahi kuketi naye, wala kumwomba msamaha.

Januari mwaka huu alianza kuugua kifua. Alikwenda hospitali Bariadi kwa bodaboda, peke yake, akarudi peke yake. Tarehe 14 Mei 2025, asubuhi, nilikuta chakula cha jana hakijaguswa. Nikaingia ndani kwake kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshafariki. Nilimfumba macho kwa mkono wangu, nikalia sana, maana hakuna aliyekuwepo kumshika.

Ameacha Thomasi, mtoto wa kaka yake, mimi Felisita, na mjukuu mmoja, Monika, miaka minne, yuko hapa mbele.

Shangazi, nisamehe. Wabeja sana, asante sana.

Sasa tunamuaga. Jeneza liko wazi. Naomba msipite mmeinamisha vichwa kama tulivyozoea kwake. Kila mtu amtazame usoni, ndipo tumwache apumzike.