Ephraimu Sangito Mbise, Fundi Aliyeanza na Waya

Marehemu Ephraimu Sangito Mbise alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Akheri, Meru, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Sangito na Mama Maria, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Aliyemfuata ni Anande. Wawili hao walilala kitanda kimoja na kuchunga mbuzi wale wale, na mama yao alizoea kusema ukimchapa mmoja, analia mwingine.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini na kuhitimu darasa la saba mwaka 1983. Kitabu hakikumchukia, ila kilichompendeza zaidi ni redio ya baba yake, aliyoifungua akashindwa kuifunga. Fimbo ya siku ile aliisimulia hadi juzi.

Mwaka 1985 alipokelewa katika gereji ya Mzee Balbir Singh, mtaa wa Unga Limited mjini, aliyemfundisha kurekebisha kabureta kwa sikio. Magari yenye kompyuta yalipoanza kujaa mjini, mafundi wengi walinuna. Ephraimu alijifunza, na mwaka 2006 akafungua gereji yake Maji ya Chai. Ipo pikapu ya shamba moja la maua Usa River iliyokuwa ikitoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka mbugani. Ilikuwa imebadilishwa kompyuta mara mbili. Ephraimu hakuigusa kompyuta. Aliufuata waya wa sensa inayopima joto la injini, akakuta panya wameutafuna. Kumbe kompyuta ilikuwa ikiambiwa injini bado ni ya baridi, nayo kwa utii wake ikaimwagia mafuta kutwa nzima. Mwenye gari alipoilaani, Ephraimu alimwambia, "Usiilaumu. Haina macho, inaamini inachoambiwa. Aliyesema uongo ni waya." Maneno hayo vijana wake wa gereji waliyakariri kama Baba Yetu.

Tarehe 11 Desemba 1993 alifunga ndoa na Eunike. Gari la bwana harusi lilizima njiani, akashuka na suti yake kuliwasha, na Eunike akafunga ndoa na mtu mwenye grisi kwenye ukosi. Hakulalamika. Mungu aliwajalia watoto watatu: Maria, Elirehema na Sangito.

Lakini ukweli usemwe, hata msibani. Mwaka 2013 Ephraimu aliletewa habari kwamba Anande ameng'oa masale, ile mimea ya mpaka iliyopandwa na baba yao, ili amegue shamba la kaka yake. Aliyeileta habari hatumtaji; msiba si baraza la ukoo. Ephraimu, aliyepima kila waya wa magari ya watu, habari hii hakuipima. Hakukanyaga tena Akheri, hata Anande alipomwoza binti yake. Jambo hilo liliwaumiza wote wawili, na sisi tulioliona tuliumia pia.

Agosti 2024 chakula kilianza kumkwama kooni, na vipimo vikaonyesha saratani ya umio. Ilipofika Novemba, nguvu zikimwishia, alimwagiza Eunike kwamba azikwe Maji ya Chai, mbali na mtu aliyeng'oa masale. Eunike alimwuliza, "Baba Maria, uliyaona yameng'olewa, au uliambiwa?" Ephraimu akaomba apelekwe Akheri.

Masale yalikuwepo, mabichi, kwenye mstari ule ule wa baba yao. Anande alitoka migombani, panga mkononi, akasema, "Shikamoo, kaka." Ndipo alipoeleza kwamba masika ya mwaka ule yalibomoa ukingo, akayang'oa yasisombwe na maji, na mvua ilipokatika akayarudisha mahali pake.

"Mimi niliambiwa tu, mdogo wangu," Ephraimu alisema.

"Na mimi nilingoja uje uulize," akajibu Anande.

Kwa faida ya wageni wetu: huku Meru, anayekujia na isale amekuja kuomba msamaha, wala hanyimwi. Ephraimu, aliye mkubwa, alikata isale akampa mdogo wake kwa mikono miwili. Walilia, na Eunike akawaacha walie.

Tangu siku hiyo Anande alihamia Maji ya Chai, akawa anamnywesha kaka yake uji kwa kijiko. Ephraimu alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 56, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa Anande.

Ameacha mjane, Eunike. Watoto watatu na wajukuu wawili. Mwalimu wake Mzee Balbir, ambaye yuko nasi hapa. Na mdogo wake, Anande. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, wachungaji na majirani waliomhudumia. Kaburi lake liko hapa Akheri, kama alivyoagiza upya mwenyewe, hatua chache kutoka mpakani. Isale litakalopandwa kichwani pake, Anande amelikata leo asubuhi kwenye mstari ule wa baba yao.

Ephraimu, pumzika kwa amani upande wako wa mpaka. Upande wa pili yupo ndugu yako.