Goti Langu, na Dada Niliyemcheka

Asanteni kwa kunipa nafasi. Nitaongea nikiwa nimekaa, mtanisamehe, huu mguu wa plastiki haupendi kusimama sana. Wengi wenu katika kikundi chetu hiki cha wenye sukari mnanijua kama yule mzee wa gitaa. Leo naomba mnijue zaidi ya hapo, hata kama mtanionea haya. Mimi mwenyewe najionea.

Nimecheza gitaa la stili miaka ishirini. Kwa wasiolijua, linasimama kama meza nyembamba, nawe unakaa nyuma yake. Mkono mmoja unatelezesha chuma juu ya nyuzi, mwingine unazidonoa. Chini kuna pedali za kukanyaga, na kando ya magoti vinaning'inia vyuma vingine. Ukikanyaga pedali, au ukisukuma chuma kwa goti, sauti ya uzi inapanda au inashuka, na gitaa linalia kama mtu. Asubuhi za Jumapili nililicheza kanisani kwetu Mountain View, alasiri nikateremka mjini kupiga muziki wa kantri katika hoteli moja. Nilisifiwa, na sifa zikanipanda kichwani.

Siku moja baada ya ibada, dada mmoja wa kwaya alinijia. Aliugua polio utotoni, anatembea na gongo. Akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, unaweza kunifundisha hii kitu?" Kwaya nzima ilikuwa inasikiliza. Nikautazama mguu wake, nikasema, "Dada, hii inataka watu wenye miguu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilicheka kuliko wote. Yeye akasema tu, "Sawa, mwalimu," akaenda zake.

Sukari nilikuwa nayo tayari, dawa nikimeza siku nikikumbuka. Nilinunua viatu vipya vya kupandia jukwaani, vikanichuna kisigino cha kushoto. Sikusikia uchungu, mnajua vile nyayo zetu hufa ganzi. Mguu ulipovimba, mke wangu aliniuliza mbona nachechemea, nikamwambia nimeteguka. Nikawa navaa soksi mbili. Nikaanza kujipulizia marashi miguuni, mzee mzima.

Kisha siku moja mazoezini, mpiga ngoma akasimama. "Wazee, kuna panya amekufa hapa." Wote wakaanza kutafuta. Na mimi nikatafuta! Nikainua zulia, nikasogeza spika, nikainama kuchungulia chini ya viti, na nilijua harufu inatoka wapi. Hilo sijawahi kumwambia mtu hadi leo.

Wiki mbili baadaye nilianguka bafuni, homa imenishika. Nikapelekwa hospitali moja huko Parklands. Daktari, msichana wa rika la binti yangu, akavuta ile soksi, akakiangalia kidonda. "Mzee, ungekuja mapema, tungeosha na kufunga tu." Wakakata chini ya goti.

Niliporudi nyumbani nilijificha. Wanakwaya walikuja kuniombea, nikamtuma mke wangu mlangoni aseme nimesafiri kwenda Nyeri. Mwanamke ambaye hajui uongo, nikamfundisha uongo. Alifanya hivyo mara tatu. Ya nne akakataa. "Baba watoto, mimi nimechoka kukuficha. Anayebisha ataingia."

Aliyebisha alikuwa yule dada. Niliinuka kukimbilia chumbani, lakini ningekimbia na nini? Akakaa, akalaza gongo lake sakafuni.

"Mwalimu, nimekuja kukwambia nimekuwa nikicheza stili yako."

Gitaa langu lilikuwa limebaki kanisani. Damu ikanichemka. "Nani alikuruhusu?"

"Mimi," mke wangu akajibu kutoka jikoni.

"Unakanyaga na nini?" nikamuuliza yule dada, na nilitaka limuume.

"Sikanyagi. Natumia magoti."

Kesho yake walinipeleka kanisani. Fundi mmoja wa Kangemi alikuwa ameingia chini ya gitaa, akahamisha vile vyuma vinavyovuta nyuzi, kazi za pedali zikaenda kwa magoti. Yule dada alikaa, akacheza. Chuma cha goti hakukisukuma hadi mwisho kama tulivyozoea. Alikisukuma nusu, akakishikilia, kisha akakiachia polepole huku mkono ukiteleza kwenda juu. Uzi mmoja ukashuka ilhali mwingine unapanda. Miaka ishirini nilikuwa na magoti hayohayo, na sauti ile sikuwahi kuitoa. Nililia pale mbele.

"Goti la kushoto bado unalo," akaniambia. "Njoo ukae."

Sikuweza kukaa kabla ya kusema. Nikaanza, "Dada, siku ile, ilikuwa tu mzaha..."

Akanikatiza. "Mwalimu, nitakusamehe. Lakini usiniambie ilikuwa mzaha. Nilikaa miezi bila kuimba."

Nikarudia upya. Nikasema, "Nilikudharau. Nisamehe." Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanivutia stuli.

Siku hiyo goti langu lilitetemeka, nikawa natoa sauti kama ya mlango mbovu. Alinifundisha miezi mitano, bila kunicheka hata mara moja. Sasa Jumapili anayecheza ni yeye, mimi nikimpokea akichoka. Na msamaha niliomba tena, safari hii mbele ya kanisa zima, kwa sababu matusi niliyatoa mbele ya watu.

Namshukuru mke wangu aliyekataa kunificha. Namshukuru fundi, na yule daktari aliyenifunza kuosha kidonda bila kunifokea. Yule dada sijui nimshukuruje, kwa hiyo huwa nafika mapema na kumfungulia mlango.

Ninachowaambia ni hiki. Mguu wangu haukuchukuliwa na sukari peke yake. Ulichukuliwa na aibu, ile ya kutotaka watu wajue naoza. Katika ukumbi huu yuko mtu aliyevaa soksi mbili leo. Simjui, na sitamtazama yeyote. Tukimaliza chai nitabaki hapa kwenye kiti hiki hadi wote waondoke. Njoo, uvue. Nitakusindikiza kliniki mwenyewe.