Mapovu Hayakuwa ya Mzee Romano

Mzee Romano Otim anastaafu tarehe 30 Juni 1999, baada ya kufanya kazi na sisi miaka kumi na tisa. Kumi na minne alikuwa karakana ya mashua Jinja, na mitano ya mwisho yuko hapa duka la Mbale, anapima kamba na kuuza rangi. Wakubwa wameniomba mimi, Bogere Conrad, niandike maneno ya kumuaga kwa sababu nilikaa naye kuliko wote. Wangejua, wangemwomba mtu mwingine.

Alikuja kwetu akitoka jeshini, huko alikuwa fundi wa injini za mashua, ndiyo maana mpaka leo tunamwita Afande. Alikuwa mtu wa kucheka. Mashua ikiletwa imepasuka, anaizunguka, anaipapasa, anaiuliza, "Nani amekupiga, mama?" Halafu anaiziba kwa rezini, ile gundi nzito ya kumimina ambayo ikiganda inakuwa kama jiwe. Maji hayapiti tena.

Bwana Vasant aliponunua karakana, wageni walikuwa wameanza kuja Jinja kuvua sangara kwa fimbo na uzi. Walitaka chambo cha bandia, yaani samaki mdogo wa plastiki mwenye ndoana, na cha kutoka nje kilikuwa ghali. Bwana Vasant akamwita Mzee. "Otim, wewe unaziba mashua nzima, samaki mdogo atakushinda?" Mzee akachonga samaki wa mti, akatengeneza kalibu yake ya plasta, akaanza kumimina rezini humo.

Wa kwanza walitoka na matundu kama wameliwa na mchwa. Adui alikuwa hewa. Mzee alipigana nayo mpaka akaiweza, na naandika namna yake hapa ili isipotee. Kwanza kopo la rezini linakaa ndani ya beseni la maji ya moto, mpaka rezini inakuwa nyepesi kama mafuta ya kupikia. Hapo ndipo unatia dawa ya kugandisha. Unakoroga polepole na kijiti bapa bila kukiinua, maana ukikiinua kinashuka na hewa. Unaiacha ipumzike kidogo, mapovu yapande yapasuke. Kalibu unaipaka rezini kwa brashi, hasa kwenye macho na mapezi, kwa sababu hewa inapenda kujificha kwenye kona. Halafu unamimina upande mmoja tu, kama uzi mwembamba, hewa itokee upande wa pili, na huku unagonga meza kwa vidole. Mzee akigonga meza hakuna mtu aliongea. "Nyamazeni, inapumua," alikuwa anasema.

Samaki wake walitoa majini sangara wakubwa kama mbuzi. Wageni walikuwa wanamtafuta kwa jina.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka 1994, wakati wa mvua, tulipata kazi kubwa ya wageni. Baridi ilikuwa imefanya rezini nzito kama asali. Kazi yangu ilikuwa kupasha moto na kukoroga, yake kumimina. Lakini ilikuwa siku ya soko Buwenge, na huko kulikuwa na msichana ananingoja. Sikuchemsha maji. Nilikamata kijiti kwa mikono miwili, nikaisonga ile rezini kama posho ya harusi, ule ugali wa sufuria kubwa.

Mzee akauliza, "Bogere, imepata moto? Imepumzika?"

"Tayari, Afande."

Alipoanza kumimina akasema, "Leo nzito." Nikamwambia ni hii mvua. Akaniamini. Ndani tulikuwa tunaweka rangi nyeupe, kwa hiyo mapovu hayaonekani. Akamimina vizuri kama siku zote, akagonga meza yake, na mimi nikaenda Buwenge.

Wale samaki walikatika ndani ya midomo ya sangara, pale pale waya wa ndoana unapopita. Bwana Vasant alirudi kutoka mtoni, akatuita wote. Akaweka mmoja aliyebaki juu ya meza, akamkata kwa msumeno wa chuma. Ndani matundu matupu.

"Otim, mimi nauza chambo au nauza mkate?"

Watu wakacheka. Mzee akaokota kipande, akakitazama, halafu akatazama mkono wake. "Mkono umezeeka, bwana," akasema. "Unaingiza hewa."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, bega langu linagusa lake.

Ndipo akaletwa Mbale. Mimi nikapewa meza yake. Nikafuata namna yake bila kuruka kitu, na samaki wangu wakasifiwa. Bwana Vasant alipomwita arudi Jinja, alikataa. Alisema mkono huu sasa ni wa kupima kamba. Hakugusa rezini tena. Baadaye chambo cha nje kikawa rahisi, kazi ikafa, na kalibu zake tukazivunja kujaza mashimo ya uani.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kwake, maana si haki asikie haya kwanza mbele ya watu. Nilimwambia yote, na mke wake, mama Akello, amekaa pale. Nilingoja anifukuze. Yeye akauliza tu, "Ulikoroga namna gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

"Kama posho?"

"Kama posho, Afande."

Akacheka kile kicheko cha zamani. "Na posho yako siku zote ilikuwa na madonge." Akaniambia niandike, lakini ile habari ya kijiti niiandike vizuri, watu wasikiinue.

Halafu kicheko kikaisha. Akainua mkono wa kulia, akautazama. Siku hizi unatetemeka, hata chai inamwagika.

"Kumbe mkono ulikuwa mzima," akasema.

"Ulikuwa," akajibu mama Akello. Akaingia jikoni, na hakutoka mpaka nilipoondoka.

Mzee Romano, asante kwa mashua zote ulizorudisha majini. Wenzako wa Jinja na wa Mbale wanakutakia maisha mema, wewe na mama. Mimi kila kizuri nikitafuta cha kukutakia, naona ndicho nilichokunyang'anya. Basi nakuachia hili, limeandikwa na wote walisome: hewa haikuingia kwa mkono wako. Iliingia kwa mkono wangu.