Kidonge cha Saa Kumi

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Dakika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983. Hakuendelea, kwani baba alikuwa amelazwa kwa maradhi ya figo, maradhi ya ukoo wetu, na hakurudi nyumbani.

Alijifunza ufundi saa, akakaa kibanda kile kile mkabala na posta hadi alipougua. Mwaka 1994 mshonaji mmoja alimletea saa ya mkononi. Aliitengeneza kwa dakika kumi, kisha akamwambia, "Bado, dada, njoo Ijumaa." Ijumaa ya nne mshonaji huyo, ndiye shemeji yangu leo, alimuuliza, "Fundi, kibovu ni saa au ni wewe?" Walioana Desemba mwaka huo, wakajaliwa wavulana wawili.

Mwaka 2021 figo zake nazo zilikutwa zimejaa vifuko vya maji. Nilipimwa mimi mdogo wake, nikakutwa vivyo hivyo. Machi 2023 tulikwenda pamoja kwenye majaribio ya dawa mpya. Yeye alipokelewa, mimi nilikataliwa kwa ajili ya presha. Alipewa vidonge viwili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Baadhi ya wagonjwa walipewa vidonge vitupu, visivyo na dawa, na hakuna aliyeambiwa vyake ni vipi.

Hapa mnivumilie. Shemeji ameyasoma haya, akasema yachapwe. Kila siku saa kumi kaka alinifuata kazini na kidonge chake.

"Meza, bwana mdogo."

"Na wewe je?"

"Wangu wameshaota ndevu. Wako bado anatambaa. Usinichoshe."

Nilimeza. Kabla ya saa kumi na moja kiu ilinishika, nikawa mtu wa chooni. Nikajua vyake havikuwa vitupu. Nilijua, na kesho yake nikameza tena, miaka miwili. Muuguzi alihesabu vidonge vilivyobaki chupani kila mwezi, akamsifu kwamba hakosi hata kimoja. Naona aibu.

Januari mwaka huu miguu ilivimba. Nilimsihi tuseme kweli. Alijibu, "Ukisema, watatufukuza sote." Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Ameacha mjane, wana wawili, dada wawili na mimi.

Daktari wa utafiti, nakuona hapo nyuma. Usiandike kwamba dawa haikumfaa. Kaka alimeza nusu. Nusu nyingine ndiyo hii imesimama mbele yenu, inasoma.

Mola amlaze pema fundi wetu.